Saa nane, kabla ya mechi yenyewe

Kwa misimu sita nilicheza raga ya saa nane mchana. Anayeifuatilia raga ya klabu nchini Kenya ameshanielewa, asiyeifuatilia nitamweleza. Jumamosi za ligi, kuanzia Novemba hivi hadi mvua za masika zinapokaribia, klabu mbili zinazokutana hucheza mara mbili katika uwanja uleule. Mechi ya saa kumi ni ya Kenya Cup, ligi kuu iliyoanza mwaka wa 1970, na hiyo ndiyo inayoandikwa magazetini na kujaza jukwaa. Mechi ya saa nane ni ya vikosi vya pili vya klabu hizohizo, nayo huwania Eric Shirley Shield, taji ambalo sisi tuliolitolea jasho hatukulitaja kwa jina lake refu. Tuliliita Ngao, basi. Mtazamaji anayewasili saa tisa na nusu hudhani kwamba amewahi, kwa sababu wachezaji wa kikosi cha kwanza bado wanapasha misuli nyuma ya magoli. Kumbe ameikosa mechi nzima, isipokuwa zile dakika tano za mwisho ambazo kila mtu uwanjani anatembea.

Nilikuwa huka, yaani yule wa katikati katika mstari wa mbele wa skramu (pale wachezaji wa timu mbili wanaposhikana na kusukumana kuuwania mpira), mwenye nambari 2 mgongoni, anayeuvuta mpira nyuma kwa mguu na ambaye, mpira ukitoka nje, hupewa kazi ya kuurusha kwenye lainauti, yaani kati ya safu mbili za wachezaji, ambamo mrukaji hunyanyuliwa na wenzake ili audake. Nilianza mwaka wa 2011, refa alipokuwa bado akitoa amri nne kabla ya mistari miwili kugongana, na nilipoangika daluga mwaka wa 2017 amri zilikuwa zimepunguzwa zikawa tatu: ya kuchutama, ya kushikana na ya kuingia. Katika muda huo wote sikulipwa hata nauli. Raga ya dunia iliruhusu wachezaji kulipwa mwaka wa 1995, ila habari hizo zilikuwa hazijafika katika kikosi chetu. Tulikuwa na mwalimu wa hesabu, mafundi umeme wawili, karani wa benki, wanafunzi wa chuo kikuu wasiohesabika, na jamaa mmoja ambaye hadi leo sijui alikuwa akifanya kazi gani, ingawa ndiye aliyelipia teksi zote za kwenda hospitalini.

Raga yetu ina mataji ya miaka mingi. Klabu ya Nondescripts ilizaliwa mwaka wa 1923, na Enterprise Cup, iliyopewa jina la manowari ya Uingereza ambayo mabaharia wake walilitoa kombe hilo, ilianza kuwaniwa mwaka wa 1930. Mbele ya vyombo vya aina hiyo, Ngao yetu ilikuwa kama mtoto wa kambo: ukimtajia mtu kwamba mnaiwania, swali lake la kwanza lilikuwa kama hiyo si ile ya wale wa akiba. Klabu ya Impala ilikiita kikosi chake cha pili Gazelles, na nililionea wivu jina hilo, kwa kuwa wao angalau walipewa mnyama wao. Sisi tulitambulishwa kwa jina la klabu likifuatwa na vijiti viwili vya nambari ya Kirumi, ambavyo mtangazaji wa uwanjani mara nyingi alisahau kuvisoma.

Jambo lililonichukua misimu miwili kulielewa ni kwamba kikosi cha pili hakipangwi, hubaki. Jumanne na Alhamisi jioni klabu nzima ilifanya mazoezi pamoja, watu 50 na ushei chini ya taa mbili zinazowaka na moja iliyokataa, na kila mmoja akajua atakayesimama ubavuni pake. Alhamisi usiku kikosi cha kwanza kilitangazwa. Ijumaa mmoja wao aliamka paja limekaza, wetu mmoja akapandishwa kuziba pengo. Jumamosi asubuhi mwajiri wa mtu alimwita kazini. Kufikia saa saba mchana, ile karatasi ya kikosi yenye nafasi 23 ilikuwa imefutwa kwa kifutio na kuandikwa upya hadi ikatoboka, na majina yaliyosalia yalikuwa 18, mawili kati yao ya watu waliokuwa bado ndani ya matatu.

Waliosalia walikuwa mchanganyiko wa ajabu. Palikuwa na vijana waliotoka shule ya sekondari juzi, wenye mbio za kutisha na wasiojua kupokea mpira wa juu. Palikuwa na wachezaji wa kikosi cha kwanza waliokuwa wakirejea kutoka kwa majeraha, ambao walicheza kama mtu anayetembea juu ya mayai, wakihifadhi goti lao kwa ajili ya saa kumi ya wiki mbili zijazo. Palikuwa na wazee waliokataa kustaafu. Halafu palikuwa na sisi, kundi ambalo halina jina: wazuri kiasi cha kutoachwa, si wazuri kiasi cha kuitwa. Timu ya namna hii haiwezi kushinda kwa mazoea, kwa sababu haina mazoea. Ilitulazimu kujifunza kucheza na watu tusiowajua, na ninashikilia hadi leo kwamba huo ni ufundi wa peke yake, ambao wachezaji wengi wa saa kumi hawakuwahi kuuhitaji na hivyo hawakuwa nao.

Hata jezi hazikuwa zetu kikamilifu. Klabu ilikuwa na seti mbili, lakini nambari za akiba, kuanzia 16 kwenda juu, zilikuwa zikipungua kila msimu kwa njia ambazo mweka hazina hakutaka kuzichunguza, kwa hiyo aliyevaa 16 saa nane aliivua kipenga cha mwisho kilipolia na kumkabidhi mwenzake wa saa kumi ikiwa bado imelowa. Niliwahi kumpa huka wa akiba wa kikosi cha kwanza jezi yenye damu ya pua yangu. Aliigeuza akaitazama, akaivaa, akasema, “Ahsante, kaka,” na hatukuzungumza zaidi.

Funzo lililonigharimu fedheha nyingi zaidi lilitokana na lainauti. Kikosi cha kwanza kilikuwa na maneno ya siri yaliyojaza kurasa mbili: neno la kwanza lilikuwa la kumdanganya adui, la pili lilionyesha mrukaji, la tatu mahali mpira utakapoangukia. Sisi tuliagizwa kutumia maneno yayo hayo ili mtu akipandishwa ghafla asipotee. Lilikuwa wazo zuri kwenye karatasi. Katika mechi moja ya ugenini Nakuru nilirusha mipira mitano mfululizo kwa wapinzani, si kwa sababu mkono wangu uliharibika bali kwa sababu warukaji wangu wawili walikuwa wamekutana asubuhi hiyo kwenye gari, na kila nilipotaja neno mmoja aliruka mbele na mwingine akaenda nyuma kumnyanyua mtu ambaye hakuwepo. Kilomita 160 za kurudi Nairobi nilizisafiri nikiwa nimeegemeza kichwa dirishani, nikijifanya nimelala.

Aliyetuokoa ni propu wetu mkongwe (propu ni yule anayemshika huka ubavuni kwenye skramu), yule mwalimu wa hesabu, ambaye sote tulimwita Mwalimu. Alisema kwamba mtu hawezi kufundishwa lugha mpya ndani ya dakika kumi, kwa hiyo tutumie lugha ambayo vijana wameshaizungumza tangu wakiwa wadogo, nayo ni ya matatu. Nikitaja nambari ya njia inayotoka mjini kwenda magharibi, kama 46 ya Kawangware au 111 ya Ngong, mpira unakuja kwa mrukaji wa mbele. Nikitaja ya mashariki, kama 58 ya Buruburu, unakwenda nyuma. Nikisema neno lolote la kutembea kwa miguu, ni wa katikati. Nambari yenyewe haikuwa na maana, mwelekeo tu. Mwanafunzi aliyewasili saa saba na nusu aliuelewa mfumo huo akiwa bado anafunga kamba za viatu, na kwa msimu mzima pamoja na nusu ya uliofuata tulishinda lainauti zetu kwa kiwango ambacho kikosi cha kwanza kilianza kutuulizia.

Ukaja msimu wa tatu na kijana mrefu kutoka Mombasa, aliyekuwa ameingia chuo kikuu mwezi huohuo. Alikuwa na mikono kama ya mvuvi na hakuwahi kupanda matatu ya Nairobi zaidi ya ile ya kwenda hosteli. Hakuna aliyefikiri kumuuliza. Tukiwa mita tano kutoka mstari wa trai wa wapinzani, ule ambao ukiugusisha mpira chini ng'ambo yake umefunga trai, nilipaza sauti, “58!” Kijana akanigeukia na kuniuliza kwa adabu zote za Pwani, “58 ni ya wapi, kaka?” Kabla sijafumbua kinywa, mrukaji wa upande wa pili, mzaliwa wa Nairobi bila shaka yoyote, alimjibu, “Buruburu.” Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akanyanyuliwa na wenzake, akaudaka mpira wangu kama aliyetumiwa kwa posta.

Tulicheka hadi refa akatuhimiza, lakini nilichokichukua pale nimeendelea kukitumia hata kazini, katika mambo yasiyo na uhusiano na raga. Tangu siku hiyo nilikuwa nikimwita mchezaji mgeni kuliko wote, kabla ya mechi, na kumwomba anieleze yeye mfumo wetu. Sikumuuliza kama ameuelewa, kwa kuwa kila mtu huitikia ameelewa. Akikwama, tuliubadilisha mfumo, yeye hatukumbadilisha. Mtu aliyezoea kikosi cha kwanza atauona utaratibu huo kuwa wa kubembeleza. Sisi hatukuwa na anasa ya kumsubiri mtu azoee, kwa sababu kufikia kuzoea kwake alikuwa ama amepandishwa ama ameacha.

Kuna jambo la aibu ambalo ni lazima niliseme. Nilimtakia mabaya mwenzangu. Huka wa kikosi cha kwanza alikuwa kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe kurusha mpira, tukisimama Alhamisi baada ya mazoezi tukilenga mwamba wa goli hadi giza likatunyima mpira, na baada ya msimu mmoja alinipita kwa kila kitu isipokuwa umri. Jumamosi nilikuwa nikikaa jukwaani saa kumi, nywele zikiwa bado na maji ya kuoga, nikihesabu makosa yake. Siku alipoteguka bega nilikuwa wa kwanza kusimama, na si kwa huruma. Nilipewa dakika tisa za Kenya Cup, nikagusa mpira mara mbili, nikafanya kosa moja la skramu, na Jumamosi iliyofuata akaletwa mtu mwingine. Dakika hizo tisa ndizo zangu zote. Kilichoniponya si kukua kiroho, bali ni kwamba kijana yule alikuja kututazama saa nane akiwa amefungwa bega, akasimama kando ya mstari mechi nzima akinipigia kelele za kunielekeza mkono, na nikaona kwamba hakuwa na habari kabisa kuwa sisi ni washindani.

Tamaa ya kupanda ilikuwa na sura mbaya zaidi ya hiyo. Mwaka mmoja kijana wetu wa miaka 19, aliyecheza pembeni mwa skramu, aligongwa kichwa na goti la mtu katika kumkaba. Aliinuka haraka. Baada ya muda alinisogelea akaniuliza tuko uwanja gani, kisha, kana kwamba amejisikia mwenyewe, akanishika jezi na kunisihi nisimwambie daktari, kwa kuwa wa kikosi cha kwanza anayecheza nafasi yake alikuwa amefungiwa mechi mbili na wiki ijayo ilikuwa zamu yake. Nilinyamaza. Nilinyamaza dakika nne au tano, nikijiambia kwamba ni uchovu, hadi refa alipomkuta amesimama upande wa wapinzani akisubiri mpira wao, akasimamisha mchezo. Kanuni ya raga ya ngazi yetu haina kona: anayeshukiwa kuumia ubongo anatoka, na siku hiyo harudi, hata aape. Kijana alipona vizuri na baadaye akaipata nafasi aliyoitamani. Hata hivyo nilimkosea, na ninaamini mechi ya kikosi cha pili ina hatari hii kuliko ya kwanza, maana ya kwanza watu wanalinda nafasi walizo nazo, ilhali ya pili kila mtu anadhani nafasi yake itapita leo na haitarudi.

Nirudi kwenye Ngao. Katika misimu sita tulifika nusu fainali mara moja tu, na tulifika kwa hesabu za Mwalimu. Wasomaji wengi wanajua kwamba ushindi una alama 4 na sare 2. Wasilolikumbuka ni alama za ziada, moja kwa timu inayofunga trai nne au zaidi na moja kwa timu inayoshindwa kwa tofauti isiyozidi pointi 7. Mechi yetu ya mwisho ya ligi ilikuwa imetuponyoka. Tulikuwa nyuma 17 kwa 27, dakika ya 79, tukapewa penalti mbele ya milingoti, kama mita 20 hivi. Nahodha wetu, kijana mwenye moyo wa simba na asiye na subira, aliukamata mpira ili aupige kando tupate lainauti karibu na kona na kutafuta trai ya heshima. Mwalimu alimshika mkono.

“Trai moja itatupa nini?” akamuuliza.

“Pointi 5, Mwalimu.”

“Ziongeze.”

“22. Na mkwaju wa baada ya trai, 24.”

“Tutakuwa tumeshinda?”

“Hapana.”

“Itakuwa trai ya nne?”

“Ya tatu.”

“Basi alama ya ligi utakayopata ni moja, ileile utakayoipata kwa mkwaju wa pointi 3 ulio mbele ya pua yako. Kwa nini uitafute mbali?”

Nahodha aliuweka mpira chini. Mpigaji alipouelekeza katikati ya milingoti, watu wachache waliokuwa wamekaa kwenye nyasi walituzomea, na mtoto mmoja aliuliza kwa sauti kwa nini timu inayoshindwa inapiga mkwaju wa pointi tatu wakati wa kumaliza. Tulitoka uwanjani 20 kwa 27, tukichekwa, na Jumatatu msimamo ulipotolewa tulikuwa wa mwisho kati ya waliofuzu, mbele ya wenzetu kwa alama moja. Sijawahi kuona watu wazima wakifurahia kushindwa namna ile.

Nusu fainali ilituacha na uchungu ambao nilidumu nao miaka miwili. Skramu ndiyo iliyokuwa silaha yetu, kwa sababu Mwalimu alikuwa upande wangu mmoja na upande wa pili alikuwapo fundi umeme mmoja mnene, mkimya, anayesukuma kama trekta. Propu wetu wa tatu, aliyekuwa akimpokea Mwalimu miguu inapomwisha, alichukuliwa Alhamisi kukaa benchi la kikosi cha kwanza, ambacho nacho kilikuwa na mechi ya mchujo saa kumi siku hiyohiyo. Tulianza vizuri. Tuliongoza 12 kwa 6, na kila skramu wapinzani walirudi nyuma hatua mbili tatu wakichimba nyasi kwa njumu. Dakika ya 31 fundi umeme alinyanyuka kutoka chini ya rundo la watu akiwa ameshika kiganja, na kidole chake kimoja kilikuwa kimeelekea upande ambao vidole havielekei.

Refa alimwendea nahodha akamuuliza kama tuna propu mwingine aliyefunzwa. Ni swali la usalama na halina mzaha, kwa kuwa asiyejua kazi ya mstari wa mbele anaweza kuvunjwa shingo pale. Nahodha hakujibu kwa mdomo. Aligeuza macho upande wa pili wa uwanja, mita 30 hivi kutoka tulipokuwa, ambako propu wetu wa tatu alikuwa amesimama amevaa suti ya michezo, mikono kiunoni, akitutazama. Kila mmoja wetu alimtazama. Yeye akatazama viatu vyake. Refa akatangaza kwamba kuanzia hapo skramu zote zitakuwa za kushikana bila kusukumana, ambapo anayeingiza mpira huondoka nao. Silaha yetu ikawa ua la mapambo. Wapinzani walikuwa na mabeki wenye kasi kuliko wetu, nasi hatukuwa tena na namna ya kuwanyima mpira; walifunga trai moja kabla ya mapumziko na nyingine baadaye, tukalala 12 kwa 20.

Propu yule hakuingizwa saa kumi. Alikaa benchi dakika zote 80. Aliniambia jioni kwamba alifungua na kufunga kamba za viatu mara nne.

Nilimwendea kocha wa kikosi cha kwanza wiki hiyohiyo nikiwa na hotuba nzima kichwani, juu ya haki na juu ya watu wanaoamka alfajiri kwa ajili ya klabu bila kusifiwa. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akaniuliza, “Na propu wangu angevunjika dakika ya tano saa kumi, nami sina mwingine, ungekuja hapa kunitetea?” Niliondoka nimemkasirikia zaidi, jambo ambalo nafikiri lilitokana na kwamba sikuwa na jibu.

Jibu sinalo hadi sasa, ingawa tangu mwaka wa 2018 mimi ndiye meneja wa kikosi cha pili, mwenye karatasi, penseli na kifutio. Nilichofanya ni kupunguza uzito wa swali. Kila mwanzo wa msimu, wakati wa kuandaa miili, nawachukua vijana wawili au watatu wanaocheza nyuma ya skramu, wenye shingo fupi na moyo mtulivu, nao hujifunza kazi ya propu taratibu, kwanza kwenye mashine, kisha mtu kwa mtu, kisha watatu kwa watatu, na hawaingii mechini hadi kocha wa skramu aridhike. Wananilalamikia sana, kwa sababu hakuna kijana aliyejiunga na raga akiota kuwa propu. Pia nilimwomba kocha wa kikosi cha kwanza anitajie Jumanne, si Jumamosi, watu anaofikiri huenda akawahitaji. Mara nyingi hutaja wanane na huchukua wawili, lakini nimezoea kupanga kikosi kana kwamba wote wanane wameshaondoka, na yeyote anayerudi huwa ni faida. Ngao bado hatujaitwaa.

Msimu uliopita kijana wetu mmoja, propu wa kuzaliwa, alimwalika mama yake atoke Busia aje kumwona akicheza kwa mara ya kwanza. Mama alifika mapema. Kufikia saa sita alikuwa ameshakaa jukwaani, safu ya tatu, kitambaa kichwani na mkoba mapajani, peke yake katika jukwaa zima. Saa saba na dakika kama 20 nilimwona kocha wa kikosi cha kwanza akikata uwanja kunijia, na kutokana na mwendo wake nilijua anachokitaka kabla hajafika. Nilifuta jina. Nilimwandika mahali pake mmoja wa wale vijana walalamishi, ambaye alibadilika rangi kisha akaomba plasta ya masikio.

Nilipanda kumweleza mama. Nilimwambia mwanawe amepata bahati, atacheza saa kumi na wale wakubwa, huenda dakika chache za mwisho.

“Kwa hiyo hii ya sasa si mechi yenyewe, baba?” akaniuliza, akinionyesha kwa kidevu vijana waliokuwa wakijipanga.

Nilimwambia ni yenyewe, ila mwanawe amehamishiwa nyingine. Aliwatazama kwa muda, akauliza huyo aliyechukua nafasi ya mwanawe ni yupi, nikamwonyesha yule mwenye plasta nyeupe masikioni. Refa alipuliza kipenga. Mama akasogeza mkoba wake kando ili nami nipate pa kukaa.